Gari ndogo za rimoti za kukimbiza ndani kwa kapeti, ninunue gani na nizitunze aje?

Mwalimu_Lanet

Wadau habari zenu. Niko Nakuru upande wa Lanet na kila Jumamosi mchana huwa nakaa na vijana wa mtaa kama kumi hivi, miaka 11 mpaka 16, kwa holi ya kanisa. Tangu Safari Rally irudi kwa WRC, yaani mashindano ya rali ya dunia, 2021 na ikawa inakimbizwa hapa Naivasha hawa watoto hawana hadithi ingine, kuna wale tulienda nao mpaka Sleeping Warrior tukala vumbi siku nzima na wakarudi nyumbani bado wanaiga sauti ya injini. Nikaona niwatafutie gari za rimoti wakimbizane humo ndani, maana nje vumbi ya Nakuru mnaijua na barabara imejaa boda.

Holi iko na kapeti ile ya ofisi, manyoya mafupi yamelala, kama mita 6 kwa 9. Saa hii tuko na gari tatu. Mbili nilitoa sokoni na moja ni ya kipimo cha 1/28, yaani ndogo mara 28 kuliko gari ya kweli, inavuta tairi zote nne, niliuziwa na rafiki ikiwa imetumika. Hizo za sokoni ukishika rimoti moja zote mbili zinaenda, na tairi ama zinakunja mpaka mwisho ama hazikunji kabisa. Hiyo ya 1/28 ni tamu kuendesha lakini ikifika kona na spidi inapinduka, na hizi wiki mbili imekuwa nzito, inalia kama panya na mota inachoma kidole.

Tumechanga tumefika 30,000. Ninunue gari za aina gani, kubwa kidogo ama hizi ndogo? Na hiyo inayopinduka nifanye nini? Nataka hii kitu isimame, watoto wameipenda sana na sitaki wafike Jumamosi wapate zote zimekufa.

Omera_Milimani

Mwalimu pole na hongera kwa hiyo kazi. Mimi niko Kisumu, nimekimbiza hizi za 1/28 sebuleni na kwa holi ya kukodi kwa miaka kadhaa, wacha nikuambie nilichoona.

Za sokoni weka kando. Zile za zamani nyingi zinatumia masafa ya 27 MHz na ukiwa na mbili za aina moja zinasikizana, hakuna dawa. Tafuta iliyoandikwa 2.4 GHz, hapo kila gari inafungwa na rimoti yake na hata mkiwa kumi rimoti haziingiliani. Na kabla ulipe jaribu kitu moja dukani: kunja usukani wa rimoti kidogo tu uangalie tairi. Zikikunja kidogo vile umekunja, hiyo ni gari ya mashindano. Zikiruka mpaka mwisho kwa mara moja hiyo ni toi, rudisha kwa shelfu.

Kuhusu ukubwa, piga hesabu na gari ya kawaida ya mita 4.5. Ukigawa kwa 28 unapata kama sentimita 16, ukigawa kwa 18 unapata 25. Hiyo ya 25 ni nzito zaidi na ina mbio, inataka njia ya zaidi ya mita moja kwa upana, sasa kwa holi ya 6 kwa 9 utapata kona mbili tatu na watoto watakuwa wanagongana na ukuta tu. Ya 1/28 inatosheka na njia ya sentimita 50 ama 60, unaikunja kunja upate zaidi ya mita 30 za mbio na bado kuna mahali pa kusimama. Kwa hivyo baki na 1/28.

Zile ambazo watu wengi duniani wanakimbiza ni Mini-Z za Kyosho ya Japani, zilianza 1999, zinatumia betri nne ndogo za AAA na spea zake ni nyingi hadi basi. Ni ghali lakini. Za WLtoys za Uchina kama K969 na K989 ni za bei ya chini, zinavuta tairi nne, na ndizo ningeanza nazo na watoto. Usinunue sita. Nunua tatu za aina moja kabisa, robo ya pesa iende kwa spea siku hiyo hiyo, yaani tairi, zile nakali za mbele zinazoshika gurudumu, gia za difu (ile inayogawa nguvu kwa tairi za kushoto na kulia) na mota moja ya ziada. Zikiwa za aina moja spea moja inaponya gari yoyote, na mtoto akishindwa anajua ameshindwa na mwenzake, hajashindwa na gari.

Kupinduka nakuja nayo, acha kwanza nimalize kazi.

Fundi_Lurambi

Mimi nitaongea ya betri pekee yake kwa sababu hapo ndio watu wanachomea pesa na wakati mwingine nyumba. Natengeneza simu na redio hapa Kakamega, hizi gari naletewa kila mara.

Kama gari ni ya AAA usiweke betri za kawaida za duka. Zimeandikwa volti 1.5 na ya kuchaji ni 1.2 kwa hivyo mtu anafikiria za duka zina nguvu zaidi, lakini mota ikivuta umeme mwingi za duka zinashuka haraka na ni za kutupa. Tafuta za kuchaji za NiMH zinazotunza chaji, kama Eneloop, unachaji Ijumaa usiku na stima ikipotea Jumamosi hauna shida. Ziandike kwa kalamu, A nne, B nne, C nne, na nne zikae pamoja maisha yao yote. Ukichanganya nzee na mpya ile nzee inaisha kwanza halafu wenzake wanaikandamiza mpaka inaharibika. Na chaja iwe ile inaangalia kila betri peke yake.

Kama ni lipo, ile kapakiti kalaini, heshima mwalimu. Seli moja ikijaa ni volti 4.2, usiishushe chini ya 3.3, na ukiiweka zaidi ya siku mbili tatu bila kutumia iache kwa 3.8 hivi. Betri ya 400 mAh ichaji kwa ampea 0.4, isizidi. Ikifura usiitoboe na usiichaji tena. Chajia kwa simiti, mbali na hiyo kapeti na viti vya kanisa, mimi naweka ndani ya chungu cha udongo nafunika bila kukaza, na mtu mzima akae hapo. Watoto wasichaji. Hilo halina mjadala kwangu.

MamaBrayo_Sec58

Mwalimu mimi ni jirani yako, Section 58. Kijana wangu anacheza na mimi ndio fundi wa nyumba kwa hizi gari, na hiyo sauti ya panya naijua kabla sijaiona gari.

Ni nywele. Holi ya kanisa, akina mama na wasichana wanakaa hapo na bredi, nyuzi za bredi zinadondoka kwa kapeti na ufagio hauzitoi zote. Gari inapita chini kabisa inazivuta, zinajizungusha kwa akseli kati ya tairi na beringi, zinakaza kama uzi kwa kijiti, mota inaanza kubeba hiyo mzigo inapata moto. Za bredi ni mbaya kuliko za kichwa kwa sababu ni plastiki, hazikatiki, na mota ikiwa moto zinayeyuka zinashika kama gundi. Fungua tairi zote nne, toa nati ile ndogo taratibu usiipoteze kwa kapeti, angalia utaona kitu kama pete nyeusi. Kata na wembe kwa upande, usikate ukielekea kwa beringi, halafu vuta na kibanio cha nyusi. Angalia pia ile shafti ya katikati inayopeleka nguvu mbele maana hapo nyuzi za kapeti zinajificha na watu wanasahau.

Beringi zikitoka zioshe na spiriti ya kemisti kwa kifuniko cha chupa, zikauke, tone moja la mafuta ya cherehani, moja tu, ukiweka mengi yanavuta vumbi na yanafika kwa tairi na gari inaanza kuteleza. Usitie grisi ya gari kubwa. Ukizungusha gurudumu na kidole linafaa kuzunguka lenyewe kitambo kabla lisimame. Na kama ndani badala ya beringi kuna vile vipete vya plastiki, hiyo ndio kitu ya kwanza kubadilisha, kabla ya mota, kabla ya kitu chochote.

Tairi mimi nafuta na kitambaa chenye maji kidogo kila baada ya mbio. Na kabla muanze, mtoto mmoja apitishe selotepu pana kwa njia yote, kama ile ya kutoa manyoya kwa koti. Utashangaa yenye itatoka.

Omera_Milimani

Nimerudi. Mama Brayo amesema kweli tupu, fanya hiyo kwanza kabla ya kugusa kitu ingine.

Sasa kupinduka. Kapeti inashika sana, inashika kuliko simiti, na tairi ya mbele ikishika zaidi ya vile gari inaweza kubeba, ule ukingo wa tairi unauma kapeti na gari inalala juu yake. Kwa hivyo dawa si kuongeza mshiko, ni kupunguza mbele. Angalia kama bodi imekaa juu sana, ishushe mpaka karibu iguse tairi. Angalia kama tairi zimeshikana na rimu, zikicheza weka selotepu ya pande mbili nyembamba. Halafu chukua supa gluu ya majimaji upake ukingo wa nje wa tairi za mbele, ule ubavu, usipake mahali panapokanyaga. Mpako mwembamba, acha ukauke kabisa dirisha likiwa wazi. Ubavu unakuwa mgumu, unateleza kwa kapeti badala ya kuuma. Hiyo kazi ufanye wewe, si watoto, iko karibu na macho. Kama bado inapinduka weka tairi ngumu mbele na laini nyuma.

Pia kwa kuzungushia njia wengi wanatumia yale mabomba ya plastiki ya kupitishia nyaya za umeme. Mviringo unapandisha gari, inaruka inaanguka upande ule mwingine. Chukua mbao za inchi 2 kwa 1 zisimame, upande bapa uangalie gari.

Mkimbiza_Eldy

Mimi sikubaliani na tairi nne, samahani omera. Niko Eldoret na sisi tumeanza na za kuvuta nyuma. Difu moja, hakuna shafti ya katikati, sehemu za kuvunjika ni nusu na za kuingiza nywele ni nusu. Ndio, mwanzoni inazunguka kama pia, lakini baada ya wiki tatu mtoto amejifunza kuachilia mbio kabla ya kona na kuzirudisha polepole, na huyo ukimpa tairi nne baadaye hashikiki. Aliyeanza na tairi nne anakanyaga tu.

Omera_Milimani

Hoja yako iko sawa kwa mtu mmoja mwenye gari yake na wiki tatu za kuvumilia. Huyu ana watoto kumi wanaopokezana gari tatu, kila mmoja anapata dakika tano. Wa miaka 11 akizunguka hizo dakika tano zote hatarudi Jumamosi ingine. Wacha waanze na nne, halafu mmoja wenu akija kununua ya nyuma wakubwa wajaribu.

Mwalimu_Lanet

Nimesoma yote mara mbili na jana jioni nikaifungua. Mama Brayo, nyuma kulia kulikuwa na pete ya bredi nyekundu imekaza mpaka beringi ilikuwa haizunguki kabisa, na kwa shafti ya katikati nyuzi za kapeti kibao. Nimetoa, nimeosha na spiriti, mafuta ya cherehani nimeomba kwa mshonaji jirani. Gari imekuwa nyepesi kama mpya. Gluu pia nimepaka, mbili za mbele, na haijapinduka hata mara moja kwa raundi kama ishirini.

Shida mbili zimebaki. Sasa katikati ya kona haitaki kukunja, inaenda wima mpaka kwa mbao. Na mota bado ni moto, si kama ile siku lakini baada ya dakika saba hivi siwezi kuweka kidole nikahesabu mpaka tano.

Fundi_Lurambi

Ya mota: badilisha kile kigia kidogo cha mota, kama kina meno 9 weka 8. Mwisho wa njia itapoteza mbio kidogo lakini kwa holi yenu haifiki huko mwisho, na ikitoka kwa kona itavuta vizuri na mota itapoa. Kama gari yako mota inasogezwa kwa skrubu, weka kipande cha karatasi ya daftari kati ya gia mbili, sukuma zishikane, kaza, halafu zungusha gia karatasi itoke. Hiyo nafasi inatosha. Na fanya mbio za dakika tano, gari ipumzike wakati mwenzake anakimbia.

Omera_Milimani

Ya kona, umepaka gluu mpaka juu sana karibu na pahali panapokanyaga. Chukua msasa laini ukwangue ule mstari wa juu, milimita moja hivi, jaribu, ukwangue tena. Fanya tairi zote mbili sawa. Ukifika mahali inakunja bila kupinduka simama hapo na uandike umekwangua kiasi gani kwa sababu seti ingine ya tairi utataka kurudia.

MamaBrayo_Sec58

Mwalimu Jumamosi hii niko huru kuanzia saa nane. Nitakuja na Brayo na gari yake, kigia cha meno 8 nadhani niko nacho cha ziada kwa mkebe kama mota yako ni ile ya shafti nyembamba, na tutapitisha selotepu holi nzima kabla watoto wafike. Mbao mmekata ama bado? Kuna mtu wa useremala hapa kwetu ana vipande vya 2 kwa 1 vimebaki, nikimwambia ni vya watoto atatoa.

Mwalimu_Lanet

Bado hatujakata mama, tulikuwa tunatumia viti vimelazwa. Mwambie tafadhali, tunataka kama mita 40 kwa kuanzia, na tutakuja na mkokoteni kuchukua Ijumaa jioni. Asanteni sana wote, omera nitakutumia picha ya tairi nikimaliza kukwangua uniambie kama iko sawa.