Naomba ushauri: nyumba 600 kujengwa juu ya mtaa wetu, kikao cha wadau ni Jumamosi. Tukaseme nini?

Mkazi wa Bondeni

Wakuu, habari za jioni. Nawaandikia kutoka Kigamboni, Dar es Salaam. Jina la mtaa na la kampuni nayahifadhi, jambo lenyewe bado bichi.

Sisi tuko bondeni. Juu yetu kuna shamba kubwa la minazi na mikorosho ambalo wenyewe walishaliuza. Mnunuzi anataka kujenga nyumba 600, za kawaida na za ghorofa, pamoja na maduka na shule. Kwa muda mrefu zilikuwa tetesi. Sasa mjumbe amepita na barua ya serikali ya mtaa kwamba Jumamosi kuna kikao cha wadau, mtaalamu wa mazingira anakuja kuchukua maoni ya wananchi. Kinachotushangaza, greda limeshaingia. Limefungua njia, limeng'oa minazi upande wa juu, na uzio wa mabati umeanza kusimama.

Hatupingi watu kupata nyumba. Lakini huku tunaishi kwa visima. Vingi vimechimbwa kwa mkono, na vilivyo karibu na bahari vimeanza kutoa maji ya chumvi. Tukiuliza nyumba zote hizo zitapata wapi maji, tunajibiwa watachimba visima virefu. Tukiuliza habari ya vyoo, tunaambiwa kila kitu kimepangwa. Halafu kuna mvua. Masika ikichanganya, maji ya lile shamba hushuka taratibu kwa kijito kinachopita nyuma ya nyumba zetu mpaka kwenye mikoko. Hapo ardhi ni mchanga na majani. Ikishakuwa lami na mabati itakuwaje?

Mtaa umegawanyika. Vijana wanataka vibarua na barabara. Wazee wakisikia neno mradi wanakumbuka mwaka 2008, ulipotangazwa Mji Mpya wa Kigamboni, watu wakazuiwa kuendeleza maeneo yao, miaka ikapita na mji wasiuone.

Naombeni ushauri, tukaseme nini? Wapo wanaosema tusiende kabisa, kwa kuwa ukisaini karatasi ya mahudhurio umeshakubali mradi. Na je, ni halali greda kufanya kazi kabla ya maoni?

Mchora Ramani

Pole mkuu. Nimefanya kazi ya mipango miji halmashauri kwa miaka mingi, nianze na hilo la mwisho. Si halali. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 81, inamtaka mwenye mradi wa namna hiyo afanye Tathmini ya Athari kwa Mazingira, hiyo inayoitwa EIA, kabla ya kuanza, tena kwa gharama zake mwenyewe. Sheria hiyohiyo inasema kibali kingine chochote hakimruhusu kuanza bila cheti cha mazingira. Kwa hiyo mkionyeshwa mchoro uliopitishwa au kibali cha ujenzi, semeni tumeona, na cheti kiko wapi?

Watu wengi wanachanganya mambo haya mawili. Mchoro wa mipango miji, chini ya sheria ya mwaka 2007, unapanga ardhi itumike vipi: viwanja, barabara, shule, maeneo ya wazi. EIA inauliza mpango huo utamdhuru nani na utamdhuru vipi. Mchoro unaweza kupendeza sana mezani na maji yakaingia sebuleni kwako.

Nendeni manispaa mkaombe kuuona huo mchoro. Msiangalie nyumba, angalieni kijito. Nimeona michoro ambayo mkondo wa maji umepewa namba ya kiwanja. Kifungu cha 57 cha ile Sheria ya Mazingira kinakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ufukwe wa bahari. Wakisema chenu si mto ni mfereji tu wa msimu, waambieni wakiri hivyo kwa maandishi, na waeleze yale maji ya masika yatapita wapi.

Jambo la pili, ulizeni umesajiliwa mradi wa ukubwa gani NEMC, yaani baraza la taifa la mazingira. Kuna ujanja wa kukata mradi vipande: zinasajiliwa nyumba 80 za awamu ya kwanza ili uonekane mdogo, na zile nyingine 520 zinakuja kimyakimya baadaye. Maji hayajui awamu. Tathmini iwe ya nyumba zote 600.

Kijana wa Feri

Mimi nina maoni tofauti, na naomba nisikilizwe. Nimepanga chumba kimoja na familia yangu, na kodi inadaiwa ya miezi sita kwa mkupuo. Watu wa aina yangu ni wengi mno hapa mjini. Kila mradi wa nyumba ukiibuka, majirani wenye nyumba tayari ndio wa kwanza kuupinga.

Na huyu asipojenga, mnadhani shamba litabaki minazi? Litakatwa vipande vya mita 20 kwa 20, dalali atauza, na baada ya miaka kumi nyumba ni zilezile 600, kila moja na shimo lake la choo na kisima chake, bila mtaro wala barabara ya gari la zimamoto. Hakuna atakayewaitia kikao. Huyu mmoja angalau mnamjua na mnaweza kumbana.

Fundi Majitaka

Kijana wa Feri yuko sahihi, na ndiyo maana mimi nisingewashauri mwende na mabango ya kukataa. Nendeni na hesabu.

Chukua nyumba 600, watu watano kila nyumba, hao ni watu 3,000. Mtu mmoja mwenye bomba ndani anatumia, tuseme, lita 100 kwa siku. Zinatakiwa lita 300,000 kila siku. Kwa kawaida wahandisi hukadiria kuwa asilimia 80 ya maji hurudi kama majitaka, yaani lita 240,000. Ni malori 24 ya kunyonya, ya lita 10,000 kila moja, kwa siku, na Jumapili pia. Mkiambiwa kila nyumba itakuwa na karo lake la majitaka, jueni hizo lita zote zinaingia kwenye mchanga uleule mnaochotea maji, na kwenu maji ya ardhini yako karibu sana na uso wa ardhi.

Kwa hiyo dai ni mtambo wa kusafisha majitaka ndani ya mradi. Hapa ndipo naomba mkazane kuliko penginepo. Mtambo unataka umeme, mtu wa kuuendesha na fedha kila mwezi. Mwenye mradi akishauza nyumba ya mwisho, nani anaulipia? Nimeingia kwenye mitambo ambayo pampu zimekufa na majitaka yanapita pembeni moja kwa moja kwenda mtoni, kwa sababu swali hilo halikuulizwa mapema. Jibu liandikwe kwenye mpango wa usimamizi wa mazingira, liwe sharti la cheti.

Mvua nayo ina hesabu yake. Milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Kama paa lina mita za mraba 120, mapaa 600 ni mita za mraba 72,000. Ikinyesha milimita 50 kwa siku moja, mapaa peke yake yanamwaga lita milioni 3.6, bila kuhesabu barabara na maegesho. Zamani sehemu kubwa ya maji hayo ilizama ardhini. Sasa yatashuka kwenu, na kwa haraka. Waulizeni mabwawa ya kupunguza kasi yako wapi, yana ujazo gani, na yatachimbwa kabla ya nyumba au baada yake. Ikiwa ni baada, masika ya kwanza mtayapokea ninyi.

Visima virefu vinahitaji kibali cha matumizi ya maji kutoka Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu. Dai kipimo cha kupampu kifanyike huku visima vya majirani vikiangaliwa vinashuka kiasi gani. Wiki hiihii ninyi wenyewe pimeni kina cha maji kwenye visima vyenu na muonje chumvi, mwandike kwa tarehe. Bila hayo, kisima kikikauka mtaambiwa kilikuwa hivyo tangu zamani.

Mama Mbezi

Haya yametupata upande wetu wa Mbezi. Kampuni iliyojenga kwa juu ilisukumia kifusi kwenye kijito ikiandaa barabara, mvua ya kwanza matope yakatuingilia ndani hadi kwenye magodoro. Tulipolalamika tukaambiwa mtaro upo kwenye ripoti. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuiona ripoti, kwa hiyo hatukuweza kuonyesha waliahidi nini na kwa ukubwa gani.

Kanuni za EIA zinataka ripoti iwe na muhtasari wa lugha rahisi, Kiswahili na Kiingereza. Uombeni huo, na mkipata masharti ya cheti yabandikeni kwenye ubao wa serikali ya mtaa. Ulizeni pia habari za wakati wa ujenzi wenyewe: tipa zitapita barabara ipi, saa ngapi, vumbi litamwagiwa maji na nani, watoto watavukaje kwenda shule. Wanaume mkikaa kwenye kikao huwa mnaruka hayo mnakimbilia mambo makubwa, na sisi ndio tunaoshinda nyumbani na hilo vumbi.

Wakili wa Mtaa

Nijibu suala la sahihi. Sahihi ya mahudhurio inathibitisha kwamba ulikuwepo, basi. Lakini ni kweli orodha hizo huambatishwa kwenye ripoti kuonyesha kwamba wananchi walishirikishwa, na msomaji wa haraka anaweza kuichukulia kama ridhaa. Dawa yake si kususia. Mkisusia, ripoti itaandika wananchi walialikwa hawakufika, na itakuwa imesema kweli.

Nendeni wengi, na mwende na barua. Hoja zote za Fundi Majitaka na Mama Mbezi ziandikwe kwa namba, zisainiwe na wakazi, nakala iende ofisi ya kanda ya NEMC, kwa mkurugenzi wa manispaa, afisa mazingira, bodi ya bonde na mtendaji wa kata. Kila nakala igongwe muhuri wa kupokelewa. Maneno ya kikaoni yanaweza kufupishwa na mwandishi hadi yakapoteza makali, barua yenye muhuri haifupishwi. Kabla kikao hakijafungwa, ombeni muhtasari usomwe kwa sauti.

Mkumbuke yule mtaalamu analipwa na mwenye mradi. Hiyo haimfanyi adui, sheria ndiyo ilivyo, na amesajiliwa kwa hiyo ana jina la kulinda. Mpeni ushahidi ambao hawezi kuuruka.

Na wakipuuza? Kifungu cha 4 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira kinampa kila anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya, na cha 5 kinamruhusu kwenda mahakamani kuitetea. Hata kabla ya sheria hiyo kuwepo, mwaka 1991 wakazi wa Kunduchi Mtongani, Festo Balegele na wenzake 794, waliishtaki Halmashauri ya Jiji kwa kumwaga taka kwenye makazi yao, Mahakama Kuu ikawapa haki. Waliweza kwa sababu walisimama pamoja.

Mkazi wa Bondeni

Nashukuru sana, na Kijana wa Feri pia, maana hoja yako nimemsomea mzee mmoja aliyekuwa mkali akanyamaza akifikiri. Tumekubaliana hatuendi kupinga nyumba, tunakwenda na masharti. Kina mama wameshaanza kupima visima kwa kamba.

Nina maswali mawili. Inasemekana kila atakayefika Jumamosi atapewa nauli. Tuchukue? Na suala la greda tuliseme kwenye kikao?

Wakili wa Mtaa

Soma kichwa cha karatasi kabla ya kusaini. Kama kimeandikwa malipo ya nauli, sawa. Kama ni karatasi moja yenye nauli, mahudhurio na maneno ya kukubali mradi, usisaini, na mseme hadharani kwa nini. Mimi ningekuwa kwenu ningeiacha hiyo nauli kabisa, ili mtu asipate la kusema.

Mchora Ramani

Greda lisisubiri Jumamosi. Kesho asubuhi pigeni picha zenye tarehe, zikionyesha kijito na minazi iliyong'olewa, zipelekeni NEMC kanda na kwa afisa mazingira kwa barua ya peke yake. NEMC wana mamlaka ya kusimamisha kazi. Mkilichanganya na maoni ya kikao, litasubiri ripoti iandikwe, na kufikia hapo shamba litakuwa limeshasawazishwa.

Mkazi wa Bondeni

Barua tunaiandika usiku huu. Fundi, tukiipata ripoti, kwenye sehemu ya maji ya mvua tutafute nini? Sisi hatujui michoro ya mitaro.

Fundi Majitaka

Tafuteni walitumia mvua ya kiwango gani kupima ukubwa wa mitaro. Kutakuwa na namba: mvua inayokadiriwa kutokea mara moja kwa miaka 5, au 10, au 25, au 50. Mkiona 5 kataeni, kwa makazi ya kudumu yenye watu chini yake hiyo ni ndogo mno. Desemba 2011 mafuriko yaliua zaidi ya watu 40 hapa Dar, na waathirika wa mabondeni wakahamishiwa Mabwepande. Ulizeni mvua kama ile ingeshuka kwenye mitaro yao, ingefurika kuelekea wapi. Wanatakiwa wawaonyeshe kwenye ramani. Mkipata kurasa hizo nitumieni faragha, nitazipitia bure.