Nimealikwa Wigilia huku Polandi, nibebe nini? Naomba ushauri

Habari zenu wakuu, hasa mnaoishi Polandi au mliooa/kuolewa huko. Nipo Kraków nasoma, mama wa rafiki yangu kanialika mkesha wa Krismasi tarehe 24, wenyewe wanaita Wigilia, na nimeguswa sana maana usiku ule ni wa familia. Ninavyojua hawali mpaka nyota ya kwanza ionekane, mnaanza kumegeana opłatek, ule mkate mwembamba kama wa komunyo, kila mtu anamtakia mwenzake heri, halafu ndo vinakuja vyakula 12 na nyama hamna kabisa, kuna supu ya bitiruti, pierogi (kama sambusa ndogo za kuchemsha) za kabichi na uyoga, samaki karp wa kukaanga, na śledź, samaki mwingine ambaye hapikwi, analowekwa chumvi tu anawekewa mafuta na vitunguu.

Sasa huyo śledź tumbo langu halimtaki na nasikia inabidi uonje kila chakula. Nikimwambia mama mapema ntakuwa nimemkosea adabu? Alafu nikipika maharage ya nazi nikapeleka watafurahi au meza ile haiongezwi kitu? Na kwenye zile heri, baba mwenye nyumba unamwambia nini hasa? Naombeni msaada jamani, siku zimeisha.