Mwenyeheri Irene Stefani alikuwa mwalimu wa namna gani pale Gikondi?

Mwanakwaya ameuliza:
Tumsifu Yesu Kristo. Nimeombwa kuzungumza na wanafunzi wa sekondari kuhusu Mwenyeheri Irene Stefani, yule mtawa Mwitaliano wa shirika la Wamisionari wa Consolata ambaye Wakikuyu walimwita Nyaatha. Karibu kila ninachosoma kinamweleza kama muuguzi wa wapagazi katika Vita vya Kwanza vya Dunia, kisha kinarukia kifo chake na kutangazwa kwake kuwa mwenyeheri mwaka 2015. Lakini pale Gikondi, Nyeri, alikaa miaka kumi akifundisha. Je, ni haki kumwita mwalimu, au ualimu ulikuwa kazi ya pembeni tu?

Katekista Mstaafu amejibu:
Milele, amina. Ni haki kabisa, ingawa ualimu wake haukukaa ndani ya kuta nne. Sista Irene alizaliwa Anfo, karibu na Brescia, mwaka 1891, akaingia utawani mwaka 1911, na alipofika Kenya mapema mwaka 1915 vita vilimchukua hata kabla hajaizoea nchi. Ndiyo maana tunamkuta Voi, kisha Kilwa na Lindi, akiwahudumia wapagazi waliokuwa wakifa kwa njaa, kuhara na majeraha. Gikondi alipelekwa mwaka 1920.

Enzi hizo mtoto hakuletwa shuleni, bali alifuatwa kwao. Sista alipanda na kushuka vilima vile kwa miguu, akiingia nyumba hadi nyumba kuwasihi wazazi, ambao wengi hawakuona sababu ya kumwachilia mvulana anayechunga mbuzi, sembuse msichana. Humo humo alimkuta mgonjwa akamhudumia, kwa hiyo anayetaka kutenganisha uuguzi na ualimu wake atapata taabu bure.

Jambo ambalo ningelitilia mkazo mbele ya wanafunzi ni barua. Wazazi wasiojua kusoma walimwendea awaandikie watoto wao waliokwenda kutafuta kazi Nairobi na Mombasa, na majibu yalipofika, yeye ndiye aliyewasomea. Mama aliyeona maneno yake mwenyewe yakisafiri hadi pwani na kurudi na habari za mwanawe hakuhitaji hotuba yoyote juu ya faida ya kusoma.

Msomaji wa Historia amejibu:
Nakubaliana na Katekista, ila tusimpambe kupita kiasi. Shule ya misheni ilikuwa pia njia ya kubatiza, wala yeye hakulificha hilo, na iliendeshwa chini ya serikali ya kikoloni iliyokuwa na haja zake kwa vijana waliojua kusoma. Wanafunzi wa leo watakuuliza, kwa hiyo jiandae. Uwaeleze pia kwamba elimu ilikuwa jambo la kugombaniwa hasa katika miaka ile: mwaka 1929 mgogoro wa tohara ya wasichana, uliowakutanisha uso kwa uso Wakikuyu na misheni za Kiprotestanti zaidi kuliko Wakatoliki, ulichochea sana kuanzishwa kwa shule za kujitegemea. Mtawa aliyeendelea kukaribishwa majumbani katika hali kama hiyo alikuwa amejijengea imani ya watu kwa miaka mingi, na hilo kwangu lina uzito kuliko sifa zote anazopewa na wahubiri.

Mwanakwaya ameuliza tena:
Nawashukuru sana, hasa kwa habari ya barua. Je, kifo chake kina uhusiano na shule, au ni habari nyingine?

Katekista Mstaafu amejibu:
Kina uhusiano wa moja kwa moja. Oktoba 1930 mwalimu mmoja wa misheni aliugua tauni, na Sista Irene akaenda kumuuguza akijua vyema hatari yake. Akaambukizwa, akafariki tarehe 31 Oktoba akiwa na umri wa miaka 39. Hata muujiza uliokubaliwa na Kanisa unawahusu makatekista: mwaka 1989, wakati wa vita vya Msumbiji, walijificha na familia zao katika kanisa la Nipepe, wakamwomba Sista Irene, na maji machache ya kisima cha ubatizo yakawatosha wote. Mabaki yake yamo katika Kanisa Kuu la Nyeri. Ukipata basi la shule, wapeleke wanafunzi huko, kisha mpitie Gikondi, wavione vile vilima wenyewe.