Tupeane uzoefu: kulala ndani ya gari porini, njia za nyuma, na mwenzako wa safari

Mwana_Katuba

Bandugu na badada wa Lubumbashi na kwingine kote, yambo yenu. Kila wikiendi watu wanaongea juu ya kwenda ku maji, kula samaki, kurudi jioni. Ni vizuri, sikatai. Lakini mi nataka tuongee ile safari ingine, ile lami inaisha, unaingia ndani ya pori na gari yako, unalala mule mule, asubuhi unaamka unaendelea. Kila mutu aweke kisa yake, iwe ya furaha ao ya shida. Mi naanza.

Tuko wawili, mi na mwenzangu mumoja tulisoma naye tangu primeri. Tuko na Hiace ya zamani, tulitosha (tulitoa) viti vya nyuma tukapiga kitanda ya mbao, na chini ya kitanda njo tunapanga bido (madumu) za maji, bido ya mazutu (dizeli), kriki ya kuinua gari, jembe, panga, kamba, mbabula (jiko ya makala) na nusu gunia ya makala. Usukani iko kuume sawa vile magari mingi ya hapa kwetu, na barabarani Congo tunatembea kuume, sasa mi dereva nikikuwa nyuma ya kamio (lori) ya makala sioni mbele hata kidogo. Mwenzangu njo anaona. Anakaa kushoto, anatosha kichwa ku dirisha, anasema "bado... bado... ngoja... pita." Akisema pita mi napita, siulizi mara ya pili. Miaka ine namna ile. Watu wananiuliza juu ya nini siendi peke yangu, eh, jicho langu moja iko kwake, nitaenda namna gani?

Safari yenye iko moyoni ni ya parke ya Kundelungu, mwezi wa saba. Tulitaka kuona maporomoko ya Lofoi, maji inaanguka zaidi ya mita 300, na iko hapa kwetu Haut-Katanga, lakini uliza watu kumi wa mji ni wangapi wamefika pale. Parke iliundwa mwaka 1970, na kuingia ni kwa ruhusa, kwa hiyo tulipanga mambo ya karatasi mbele ya kutoka. Saa kumi na moja ya asubuhi tukashika barabara ya Kasenga, baridi ya kukata masikio, bakinga ba makala, bantu ba baisikeli, wanashuka mu mji na mizigo imewapita urefu, wanasukuma kinga usiku muzima. Mi nikiona bale bantu napunguza mwendo kabisa, vumbi yako ni chakula ya macho yao.

Kisha tukaacha barabara kubwa, tukaingia kanjia kenye katikati majani imepita kapo (boneti) ya gari. Tunaenda polepole, tunasikia tu majani inapiga chini, shwaa, shwaa. Kisha kama saa moja mwenzangu anasema "angalia mushale." Moto imepanda. Tukazima, tukangoja ipoe, tukafungua kapo, na mbele ya radiateri hakuna pa kupita hewa, mbegu za majani zimejibandika zote, moja ju ya ingine, imekuwa kama blanketi ya kahawia. Ukivuta na kidole zinavunjika, kichwa inabakia ndani. Mwenzangu akaenda mu begi yake akatosha mswaki yake, ile ya menyo, akapiga magoti akaanza kusugua mustari kwa mustari, ya juu mpaka ya chini. Alisugua karibu masaa mbili. Mi namumulikia na namwaga maji kidogo kidogo. Hakunung'unika hata mara moja.

Tangu siku ile tunafunga kipande ya mustikeri (chandarua) ya zamani mbele ya radiateri, mbegu zinabakia kwa nje, unapangusa tu na mukono. Na tunasimama kila mara kuangalia chini ya gari, maana majani kavu yakijikusanya ku eshapma (bomba ya moshi) yanashika moto, na gari inaungua wewe uko ndani unapiga hadisi.

Ya usiku: tulilala pahali pori ilikuwa imekwisha kuungua. Watu wengi wanaona ni pabaya, ni peusi, masizi kila pahali, wanatafuta kwenye majani mazuri. Hapana. Kuanzia mwezi wa saba watu wanachoma pori, na moto haiwezi kurudi pahali imekwisha kula. Viatu vinakuwa vyeusi, lakini unalala.

Lofoi tuliikuta maji imepunguka, kiangazi inakuwa vile, lakini kusimama ule mukingo na mwenzako na kusikia maji inaanguka kule chini, sina maneno yake. Nyinyi sasa.

Fundi_wa_Ruashi

Asante kwa hii mada mukubwa. Mi nitaongea moja tu na naomba kila mutu asome mpaka mwisho juu karibu inipotezee mutu.

Ilikuwa upande wa Mwadingusha, mwezi wa sita. Tulikuwa na kaminibus, mi na muramu (shemeji) wangu. Baridi ya mwezi wa sita munaijua. Tulipika bukari (ugali) na samaki ya thomson inje, tukakula vizuri, kisha muramu akasema turudishe mbabula ndani ya gari ituchome kidogo, makala yamekwisha kuwa mekundu hayatoshi moshi. Na kweli hapakuwa moshi hata kidogo. Tukafunga vioo vyote juu ya baridi, tukalala.

Mi niliamka kukojoa, ni ile tu. Nikakuta kichwa inagonga sawa nyundo, miguu haisikii, nikafungua mulango nikaanguka chini. Nikaita muramu, kimya. Nikamuvuta kwa miguu mpaka mu majani. Uso haukuwa na rangi mbaya, alikuwa sawa mutu amelala vizuri, na njo ile inaniogopesha mpaka leo, maana ningemwangalia tu ningesema amelala. Alianza kutapika kisha muda mrefu, asubuhi nikamupeleka ku hospitali, daktari akaeleza ile hewa ya makala hainuki, hauioni, inaingia mu damu inachukua pahali pa oksijeni, na makala mekundu yasiyo na moshi njo yanaitosha sana.

Mbabula inabakia inje. Baridi ikizidi, chemsha maji, tia mu chupa, funga na kitambaa, lala nayo ku miguu. Na acha kioo wazi vidole viwili kila upande, hata kama hakuna moto. Muramu iko mzima, namushukuru Mungu kila nikimuona anacheka.

Mwana_Katuba

@Fundi_wa_Ruashi mungu wangu. Sisi tuliwahi kuiweka ndani mara moja tukiwa tunasubiria mvua. Leo jioni namupigia mwenzangu namusomea hii yako.

Yaya_Bea

Mi ni mwanamuke na nasafiri na rafiki yangu mwanamuke, tuko wawili tu, na swali ya kwanza ya watu ni "hamuogope?" Tunaogopa, lakini tuko na namna yetu. Hatulale kabisa pori yenye hatujue mwenyewe. Saa kumi ya jioni, jua ingali juu, tunaingia kijiji, tunauliza kwa shefu, tunamusalimia kwa magoti sawa inavyofaa, tunaeleza sisi ni nani na tunaenda wapi, tunatoa kilo ya sukari na chumvi na sabuni. Shefu mwenyewe anaonyesha pa kusimamisha gari, mara mingi ni karibu na nyumba ya mama mumoja mukubwa. Kutoka pale wewe ni mugeni wake, na mutu akikugusa amemugusa shefu.

Safari ya Bunkeya njo kubwa yetu. Tulitaka kufika kwa sikukuu ya tarehe 20 mwezi wa kumi na mbili, wanamukumbuka Mwami M'siri, mufalme wa Bayeke, aliuawa siku ile mwaka 1891. Lakini mwezi wa kumi na mbili ni mvua, na sisi tulijua, tukaenda vile vile. Tukafika ku burbie (shimo ya tope) moja, kamio imelala ndani upande upande, nyuma yake magari tano, mbele yake magari saba. Tulilala pale siku mbili.

Na nawaambia, ni siku mbili zenye sitasahau. Kila mutu alikuwa mwenye njaa na mwenye tope lakini nyungu ilikuwa moja. Mama moja wa kijiji cha karibu alileta bowa (uyoga) ametoka kuvuna asubuhi ile, kubwa kama sahani, akatufundisha kuyasafisha bila kuyalovya sana, unapangusa tu na kisu, kisha nyanya, kitunguu, mafuta kidogo. Rafiki yangu hakuwa amekula bowa tangu utoto, mama yake alikuwa anamupikia, na mama yake amekwisha kufa. Alikula akilia pale pale kando ya barabara, na yule mama hakuuliza kitu, alimuongezea tu.

Ya tarehe 20 tuliikosa, tulifika tarehe 21. Tulipokewa vile vile.

Onyo moja: vijana wa kuchimba tope watawaomba franga. Mupatane mbele hawajagusa jembe, na mulipe kile mulichosema. Ile kazi ni ngumu sana.

Kapita83

Sina kisa ndefu. Madaraja. Ukifika ku daraja ya miti, mwenzako ashuke atembee mbele kwa miguu, aangalie misumari, aangalie kama miti inacheza, kisha asimame ngambo akuonyeshe na mikono pa kupitisha tairi. Wewe dereva usiangalie chini, angalia mikono yake. Na maji ya kuvuka: kama mutu hawezi kutembea mule, gari haiingii. Mi niliingia bila kushuka mara moja, injini ilikunywa maji, nikalipa bei ya injini ingine.

Nyota_ya_Kalamu

Swali kwa mukubwa mwenye mada, mazutu mnapiga hesabu namna gani? Na nyuki? Sisi tulienda na bwana wangu mwezi wa tisa, yale majani ya miti yanatoka mekundu kabla ya mvua, pori yote ilikuwa sawa imewaka, sijaona kitu kizuri vile, lakini tunyuki tudogo tweusi tulituingia mu macho, mu masikio, mu chai.

Mwana_Katuba

@Nyota_ya_Kalamu tule tunyuki hatuna mwiba, tunatafuta jasho na maji ya macho. Funika kichwa na kitambaa chepesi, usituue, maana ukituponda harufu inaita tungine. Jua ikizama tunaenda kulala.

Mazutu: gari yangu ku lami inakunywa kama lita 10 kwa kilomita 100. Ku njia ya mchanga ao tope, na vitesi vya chini, mi nahesabu 15, kisha juu yake naongeza bido moja ya lita 20 yenye sigusi mpaka narudi ku lami. Na mazutu ya kununua ku chupa kijijini, ichuje na kitambaa safi mbele ya kuitia.

Mushi_wa_Bukavu

Jambo toka Kivu. Nasoma hivi visa vyote na roho inauma na inafurahi pamoja.

Sisi tulikuwa na njia yetu, na rafiki yangu moja. Tunatoka Bukavu asubuhi, tunapanda kupita Miti, tunafika Tshivanga ku mulango ya parke ya Kahuzi-Biega, kisha ile barabara inaingia ndani ya pori ya mulima, mianzi huku na huku inafunga juu ya gari sawa nyumba, ukungu, na baridi ya juu si ya kuchezea. Tulikuwa tunasimama pale, tunazima injini, hatuseme kitu. Sokwe wako mule ndani, na hata kama hauwaone, kujua tu kama wako inatosha. Usiku tulilala mbele ya nyumba ya mujomba wake, si mu parke, tunakula ndizi na maharagi ndani ya gari, mulango wazi.

Tangu vita ilipofika Bukavu mwezi wa pili 2025 hatujatoka tena. Rafiki yangu iko Bujumbura na familia yake, mi nilibakia. Gari iko mu parseli, imefunikwa bashi. Kila juma naiwasha dakika kumi batri isife. Nikiwasha namutumia sauti ya injini ku WhatsApp, na yeye anajibu na jina ya pahali moja tulipita. Juma ilipita alijibu "Tshivanga."

Endeleeni kuandika tafazali.

Yaya_Bea

Mushi ndugu yangu, siku njia itafunguka mukuje huku wawili. Bowa inaanza mwezi wa kumi na mbili, nitawaonyesha pale.

Mwana_Katuba

Nimemusomea mwenzangu yote kwa simu, ya mbabula na ya Bukavu. Alikaa kimya, kisha akasema tununue tairi ya akiba ya pili na tufike mpaka Pweto, ku ziwa Mweru, mwaka huu. Tunafikiria mwezi wa nane. Mutu yeyote amepita njia ya Pweto na gari ya chini sawa yetu, si jeep, aseme hapa mchanga iko namna gani kwa ule mwezi.