Naomba ushauri: daftari langu la michoro ya safari haliishi, nakwama ukurasa wa sita

Binti wa Loleza (mwanzisha uzi)
Habari zenu wakuu. Niko Mbeya mjini, kazi yangu ni kupeleka sampuli za mbegu kwa mawakala. Wiki hii Tukuyu, ijayo Makete, mwisho wa mwezi Iringa. Napenda kuchora tangu shule ya msingi, na nimeweka nia ya kuwa na daftari moja lenye safari zangu zote.

Natumia kaunta buku na rangi za maji za watoto. Nikipaka tu, karatasi inajikunja na ukurasa wa nyuma unalowa. Hilo naweza kulivumilia. Kinachoniumiza ni kwamba naanza kwa moyo, halafu nafika mahali kama Kitulo, maua mpaka jicho linapoishia, naona siyawezi, nafunga daftari. Ninayo matatu sasa, hakuna lililovuka ukurasa wa saba. Mnaochora safarini mnafanyaje?

Mzee wa Brashi
Binti yangu, kaunta buku ni ya kuandikia, haibebi maji. Tafuta karatasi ya rangi za maji ya gramu 300 kwa mita ya mraba, yaani ile nene. Ukiikosa kwenye steshenari za hapo, mwagize mtu anayekwenda Dar. Nunua moja kubwa, kata vipande vya ukubwa wa postikadi, shona katikati kwa uzi, jalada liwe boksi gumu. Kwa sasa manila nzito itakusogeza, ila maji yawe kidogo na pembe uzibane kwa klipu mpaka ikauke.

Rangi tatu zinatosha: buluu ya altramarini, kahawia ya siena iliyochomwa, na njano ya ndimu. Buluu na kahawia zikichanganyika zinatoa kijivu cha mawingu ya Rungwe. Buluu na njano ndiyo mashamba ya chai. Nyeupe ni karatasi yenyewe, kwa hiyo amua mapema pa kuacha, maana ukishapaka ni vigumu kuirudisha.

Mama Kihesa
Kamwene mdogo wangu. Kitulo ina aina zaidi ya 40 za okidi peke yake, nani atazimaliza? Mimi nilikwenda Februari, nikakaa na ua moja nusu saa. Nyuma yake niliweka mstari wa vilima tu. Mlima wa mbali hewa inaufanya upauke na kuwa wa buluu, kwa hiyo anza nao kwa maji mengi, usubiri ukauke, ndipo usogee karibu na rangi nzito. Na usichume ua ukalibandike daftarini, pale ni hifadhi.

Ukija Iringa shuka Isimila, ni kama kilomita 20 kabla ya mjini ukitokea kwenu. Zile nguzo za mawe za asili nilizichora kwa bolipeni ya kawaida, maana wino wake una mafuta, hauchuruziki ukipitisha brashi. Peni ya jeli itakuchafulia kazi. Kisha nikasugua mshumaa sehemu zinazopigwa na jua, nikapaka rangi juu. Nta inakataa maji, pakabaki na mikwaruzo kama jiwe lenyewe. Nilifurahi siku nzima.

Kijana wa Tazara
Mimi nachora kwa penseli tu, pembeni naandika "buluu hapa, kijani iliyoiva hapa", rangi napaka usiku gesti. Mvua ya Tukuyu haina mazungumzo na brashi. Tiketi ya basi nabandika chini ya mchoro, tarehe inakuwa imejiandika.

Mzee wa Brashi
Kijana, kwa mvua uko sahihi. Ila taa ya gesti ikiwa ya njano inadanganya, kijani unachopaka usiku asubuhi utakikuta kingine. Weka japo mpako mmoja mwepesi ukiwa palepale, mengine yamalizie gesti.

Mama Kihesa
Na dada, jiwekee kipimo cha muda, si cha uzuri. Dakika 15 unaposubiri gari lijae. Stendi ina mengi: ndizi, viroba vya viazi, mama aliyejitanda kitenge. Ukizoea kuchora hivyo, siku ya Kitulo mkono hautaogopa.

Binti wa Loleza
Ndaga fijo, asanteni sana wote. Narudi na majibu. Nilishona daftari la manila, kurasa 12. Jumamosi nilikuwa Matema sokoni, nikachora vyungu vya Wakisi kwa bolipeni, kahawia juu yake, na mshumaa pale mwanga ulipogonga. Mama muuzaji akaangalia, akasema mdomo wa chungu nimeufanya mwembamba, akanishikisha chake nipapase. Nikaurudia pembeni ya ukurasa. Huo ulikuwa ukurasa wa tisa. Alhamisi napanda Makete kwa njia ya Isyonje, karatasi ya gramu 300 bado iko njiani kutoka Dar.