Mmisionari kauawa Angola, mkewe kashikiliwa: ahukumiwe huko huko au Marekani wamchukue?

Chanzo_Maji:
Wadau, habari hii mmeiona. Oktoba 25, 2024, mmisionari wa Kimarekani ameuawa nje kidogo ya mji wa Lubango, mkoa wa Huíla, kusini mwa Angola. Alikwenda huko 2021 na mkewe na watoto watano chini ya SIM, shirika la kimisionari. Tulidhani ni majambazi. Sasa polisi wa upelelezi wa Angola wanasema aliyepanga ni mkewe mwenyewe, na vijana waliokamatwa pamoja naye mmoja ni mlinzi wa nyumbani kwao. Hizo ni tuhuma, msije mkanirukia.

Swali langu ni moja. Aliyekufa ni Mmarekani, mtuhumiwa mkuu ni Mmarekani, damu imemwagika Afrika. Nani ahukumu? Mimi nasema Angola, na wasikubali kubembelezwa.

Ticha_Mstaafu:
Wanangu, msijidanganye. Yule mama atapanda ndege. Mmesahau yule bwana wa Peace Corps, lile shirika la serikali ya Marekani la watu wa kujitolea, aliyemgonga mama wa watu kwa gari Dar es Salaam mwaka 2019 akafa? Alikuwa amelewa. Muda si mrefu hayupo nchini. Mama wa watoto watatu kazikwa, na kwao Marekani hawakumfungulia hata shitaka. Balozi kabisa yule.

Wakili_wa_Mtaa:
Mwalimu shikamoo. Hakuwa balozi, alikuwa mfanyakazi wa Peace Corps mwenye kinga ya kidiplomasia, na kinga ndiyo iliyomtoa. Mkataba wa Vienna wa 1961 unamlinda mwanadiplomasia asishitakiwe katika nchi aliyopokelewa. Mwezi huo huo wa Agosti 2019 kijana wa Kiingereza aligongwa na mke wa mfanyakazi wa serikali ya Marekani, yule mama akaondoka Uingereza vile vile. Kwa hiyo si Afrika tu.

Mmisionari hana hiyo kinga. Ni mgeni mwenye viza kama mfanyabiashara. Haki aliyonayo ni ile ya Mkataba wa mambo ya kikonseli wa 1963, ibara ya 36, kwamba akikamatwa aambiwe anaweza kuwajulisha watu wa ubalozi wake. Watamtembelea, watampa orodha ya mawakili, basi. Mlango wa selo hawafungui.

Marekani wana sheria tangu 1994 inayowaruhusu kumshitaki raia wao aliyemuua raia wao mwingine nje ya nchi. Lakini lazima Mwanasheria Mkuu wao aidhinishe, na haitumiki ikiwa nchi yenye tukio tayari inamshitaki kwa kosa hilo hilo. Mama yuko mikononi mwa Angola. Kisheria swali la mleta uzi limeshajibiwa.

Kamanda_Mbishi:
Siku zote nawaambia: ukitaka kufa mapema weka mlinzi. Mtu unayemlipa laki na nusu kwa mwezi, anajua unatoka saa ngapi, unarudi saa ngapi, funguo ziko wapi. Huyo mtu ananunulika kwa bei ya simu. Yule mmisionari kosa lake lilikuwa hilo, si mke.

Mama_Tunu:
Watoto watano jamani. Baba kaburini, mama mahabusu, katika nchi ambayo si yao. Nani anawalaza usiku? Ninyi mnaongea mikataba.

Lindo_la_Usiku:
Kamanda, rudia tena ulichoandika. Ananunulika kwa bei ya simu?

Nimelinda mageti ya watu kwa miaka. Nimekesha mvua ya masika na koti la plastiki lililochanika, mwenye nyumba amelala. Nimewafukuza wezi na rungu, wenzangu wamekatwa mapanga. Sijawahi kuuza mtu. Wewe ukilala usiku unalala kwa sababu kuna mtu kama mimi hajalala. Halafu unakuja hapa na kibodi unatupigia bei.

Kamanda_Mbishi:
Punguza povu. Sikukutaja jina. Ila twende kwenye takwimu za maisha: ukisikia nyumba imevunjwa, polisi wanaanza na nani? Mlinzi. Wao hawana akili?

Lindo_la_Usiku:
Wanaanza na mlinzi kwa sababu hana wa kumpigia simu. Ilipotea pesa ya tajiri mmoja niliyekuwa namlindia, wakanibeba mimi. Nililala kituoni, nikapigwa nyayo mpaka nikashindwa kuvaa viatu. Pesa ilikutwa kwa mtoto wao wa kiume. Unajua walichoniambia? "Rudi kazini, tumekusamehe." Nimesamehewa nini?

Dada_Mwajuma:
Hapo kwenye "tumekusamehe" nimelia. Mimi nilikuwa dada wa kazi. Kikipotea kijiko, begi langu linamwagwa sebuleni mbele ya wageni. Kamanda wewe una dada kwako?

Kamanda_Mbishi:
Ninaye na anakula mezani na sisi. Msinigeuze mimi kuwa mada. Polisi wa Angola ndio waliosema mlinzi amehusika, si mimi. Nendeni mkagombane nao.

Mtumishi_Elikana:
Bwana asifiwe. Naumia ninaposoma hapa watu wanaandika kana kwamba mmisionari alikwenda kula raha na walinzi na magari. Nimekulia kwenye stesheni ya misheni. Wale watu waliacha kwao. Walizika watoto wao hapa kwa malaria. Hospitali nilikozaliwa waliijenga wao. Mnapotaja "kosa lake" mtu aliyechomwa visu, muogopeni Mungu.

Msaka_Hoja:
Mtumishi, hakuna aliyetukana wamisionari. Ila na mimi niulize: kwa nini familia ya mhubiri inahitaji mlinzi, na jirani zake inaowahubiria hawana?

Mtumishi_Elikana:
Kwa sababu wana vitu ambavyo majirani hawana, na kila mtu anajua wanavyo. Mbona wewe nyumbani kwako umeweka geti?

Msaka_Hoja:
Sina geti. Nina michongoma.

Ticha_Mstaafu:
Huyo mama atanyongwa, hilo la geti litabaki historia.

Wakili_wa_Mtaa:
Hapana mwalimu. Angola walifuta adhabu ya kifo, imo kwenye katiba yao tangu 1992. Sisi Tanzania ndio bado tunayo kwenye vitabu kwa kosa la kuua kwa kukusudia, ingawa hajanyongwa mtu tangu miaka ya 1990. Akikutwa na hatia kule ni kifungo.

Ngosha_wa_Maswa:
Nimesoma toka juu mpaka hapa, nashangaa hakuna aliyetaja kesi ya kwetu. Mwaka 1966, Maswa. Vijana wawili wa Kimarekani, mume na mke, wote walimu wa Peace Corps, ndoa bado mbichi. Jumapili moja ya mwezi Machi wakapanda kilima cha mawe kula chakula chao huko juu. Mke akafa pale. Mume akasema ameteleza, ameanguka kutoka kwenye jiwe. Wanakijiji, Wasukuma wenzangu, wakasema wamemwona akimpiga. Wakamzuia asiondoke mpaka polisi wafike. Palikutwa kipande cha bomba la chuma chenye damu.

Mtu akashitakiwa kwa kuua, akakaa rumande, kesi ikasikilizwa Mwanza. Nchi ina miaka mitano tu ya uhuru. Hakuna aliyepandishwa ndege. Kwa hiyo mnaouliza kama Afrika inaweza kumhukumu Mmarekani aliyeshitakiwa kumuua mwenzi wake, jibu lipo tangu babu zetu.

Kamanda_Mbishi:
Malizia basi. Alifungwa?

Ngosha_wa_Maswa:
Aliachiwa. Na hapo ndipo moyo wangu unaposimama.

Kamanda_Mbishi:
Ahaa. Kumbe. Sasa wale mashahidi walikuwa mbali, juani, hawajawahi kuona wazungu wakifanya mandari juu ya jabali. Wameona mtu anamwinamia mkewe aliyeanguka, wakasema anampiga. Jaji alikuwa na macho.

Ngosha_wa_Maswa:
Msukuma wa 1966 anachunga ng'ombe, anamjua ng'ombe wake kwa mbali kuliko wewe unavyomjua shemeji yako akiwa mlangoni. Usituambie hatukuona. Wazungu walikuwepo Mwadui wanachimba almasi tangu miaka ya 1940, na misheni zilikuwepo kabla ya hapo. Nani aliyekwambia walikuwa hawajaona mzungu?

Wakili_wa_Mtaa:
Ngosha, naheshimu uchungu wako, lakini kesi ile isisemwe nusu. Jaji, Mwingereza wa Mahakama Kuu, alikaa na wazee wa baraza. Mwendesha mashitaka alikuwa Mnigeria, wakili wa utetezi alitoka Nairobi. Utetezi uliupinga ushahidi kipande kwa kipande, pamoja na lile bomba. Ushahidi wa mashahidi wa kuona haukuwa wa moja kwa moja kama unavyousimulia. Jaji hakutamka kwamba wanakijiji ni waongo. Alisema shitaka halikuthibitishwa pasipo shaka. Mtu akiachiwa na mahakama, ameachiwa. Ukianza kumhukumu upya kwa hisia, kesho watakuhukumu wewe kwa hisia.

Ngosha_wa_Maswa:
Sijamhukumu. Nimesema moyo unasimama. Na wewe jibu hili: kama watuhumiwa wangekuwa wanakijiji wawili, na shahidi ni yule mwalimu mmoja wa Kimarekani, shaka hiyo ingeonekana? Wakili kutoka Nairobi nani angemlipa?

Wakili_wa_Mtaa:
Hilo ni swali la haki. Sina jibu zuri.

Lindo_la_Usiku:
Hapo Ngosha umegusa ninapotaka. Mleta uzi kauliza mama ahukumiwe wapi. Wote mmejibu kuhusu mama. Ubalozi utamtembelea mama. Waandishi wa kwao wanaandika habari za mama. Kuna vijana wawili wamekamatwa pamoja naye, wa hapo hapo Angola. Nani katika uzi huu kauliza wakili wao ni nani? Wamehojiwa vipi, kwa nyayo kama mimi? Polisi wakisema mlinzi kakiri, mnaamini hapo hapo. Wakisema mama amepanga, mnaandika "tuhuma, tusimhukumu". Someni wenyewe juu huko. Chanzo_Maji alimwandikia mama "mtuhumiwa". Kamanda alishamaliza kesi ya mlinzi kabla ya kufika posti ya tano.

Kamanda_Mbishi:
Wewe una uchungu wako wa zamani unaumwagia hapa. Mtu kachomwa visu. Visu havijishiki vyenyewe. Kama si hao vijana ni nani?

Lindo_la_Usiku:
Ndiyo kazi ya mahakama, si ya geti lako.

Mama_Tunu:
Na hata kama ni wao, tuulize nani kawatuma. Anayetuma ana watu wa kumsemea. Anayetumwa anaoza.

Msaka_Hoja:
Kuna kitu kingine hamkisemi. Angola wanafuata mfumo wa Kireno, si huu wetu wa Kiingereza. Kwao uchunguzi wa awali unasimamiwa na mwendesha mashitaka, na mtuhumiwa anaweza kukaa ndani muda mrefu kabla ya kesi. Mama ambaye Kireno si lugha yake na vijana wa Huíla mbele ya makaratasi ya Kireno. Wote wanahitaji wa kuwasomea.

Mtumishi_Elikana:
Vijana wa Lubango Kireno wanakijua ndugu, ndiyo lugha ya shule na ya mtaani. Usiwafanye wageni kwao.

Msaka_Hoja:
Nimekubali kwa vijana. Kwa mama nabaki pale pale.

Chanzo_Maji:
Wadau, turudi kwenye mada. Nimeuliza Angola au Marekani. Naomba kila mtu ajibu kwa neno moja.

Ticha_Mstaafu:
Angola. Ila ndege naiona.

Dada_Mwajuma:
Angola, na wale vijana wapewe wakili wa maana kama wa mama. Asipopatikana wa kulipwa na serikali, kanisa lililomleta mmisionari liwalipie. Mtumishi, unasemaje? Marehemu alikwenda kuwahudumia watu wa Huíla, na hao ni watu wa Huíla.

Mtumishi_Elikana:
Dada, unataka kanisa lichange sadaka kumtetea anayetuhumiwa kumchoma visu mtumishi wake?

Dada_Mwajuma:
Anayetuhumiwa. Umelitaja mwenyewe. Ndiyo, nataka hivyo.

Kamanda_Mbishi:
Hii sasa imezidi. Yaani mjane wa leo na muuaji wa jana wote walipiwe na kapu la sadaka?

Lindo_la_Usiku:
"Muuaji" tena. Kamanda, nilikuuliza juu huko na sasa nakuuliza wazi: siku ukivunjiwa, mlinzi wa jirani akibebwa na polisi wakati wewe unajua alikuwa amelala wodini, utakwenda kituoni kumtolea ushahidi?

Kamanda_Mbishi:
Nitakwenda. Nani kakwambia sitakwenda?

Lindo_la_Usiku:
Basi andika hapo juu, kwenye posti yako ya bei ya simu, kwamba umeifuta.

Kamanda_Mbishi:
Sifuti kitu.