Mjadala: Tukihamia Italia, mtoto aende shule ya mtaani au ya Kiingereza?

Mama wa Barani, Malindi: Assalaam aleykum. Mume wangu kapata kazi ya jikoni Torino, na mwezi wa nane inshallah tunamfuata, mimi na binti yetu wa miaka saba. Baba mtu anataka shule binafsi ya Kiingereza. Ada yake nimeipigia hesabu, inakula karibu nusu ya mshahara. Lakini hata pesa zingekuwepo ningekataa. Binti yangu mwoga. Hapa alichapwa kwa kuchelewa, na viboko vilipigwa marufuku tangu 2001, na mpaka leo akisikia kengele hushika tumbo. Natafuta pa kulelewa kwanza. Mwasemaje?

Muuza vinyago, Casuarina: Shemeji yuko sawa. Kiitaliano ukitoka Italia utakizungumza na nani? Sisi wa Malindi tunakijua wote kwa watalii wao, na kimetufikisha ufukweni tu. Kwa Kiingereza atasoma Nairobi, London, Dubai, popote.

Wa Torino, mzaliwa wa Shela: Kaka, Kiitaliano cha kupatana bei si cha darasani. Nina wawili katika shule za serikali huku. Shule ya msingi ni miaka mitano, hailipiwi, na vitabu vyake pia ni bure. Lililonishika zaidi ni walimu: mara nyingi walewale hupanda na darasa tangu la kwanza hadi la tano. Wa mwanangu anajua akinyamaza ana njaa au ana hasira. Tena tangu 1977 madarasa ya kuwatenga watoto wenye ulemavu yalifutwa, wanakaa pamoja na wenzao. Ubaya upo. Majengo mengine yamechoka, na likizo ya kiangazi ni karibu miezi mitatu, mzazi wa kazi ya zamu atalia.

Bi mkubwa wa Shela: Na dini? Na hicho chakula chao?

Wa Torino: Somo la Kikatoliki ni hiari, bi, kwa makubaliano yao na Vatikani ya 1984. Unajaza fomu, mtoto hafanyi. Mensa, yaani jiko la shule yetu, ilikubali ombi la kutopewa nguruwe. Chuo cha Kurani ni juu yako kutafuta.

Mwalimu mstaafu, Gede: Hamjamuuliza la kwanza: mnarudi lini? Huku Kenya kuanzia Gredi ya 4 masomo ni kwa Kiingereza. Mkirudi baada ya miaka miwili, mtoto atakaa darasani kama mgeni kwao. Mimi nimewapokea wa namna hiyo. Wanajua mambo, hawana pa kuyasemea. Hapo baba mtu ana hoja, msimcheke.

Aliyekulia Brescia: Nilipelekwa nikiwa na miaka tisa. Miezi minne sikufungua mdomo shuleni. Mwalimu alikuwa mpole lakini watoto ishirini na kitu walimzidi. Aliyenilea ni bidella, yule mama wa mlangoni anayefagia na kupiga kengele, alinipa kazi ya kubeba chaki. Kwa hiyo, dada, ukienda kuiona shule usiulize vitabu. Uliza mtoto asiyesema humfanyia nini. Wakikwambia "atazoea", toka. Ila nami nina donda: Kiswahili kilinitoka, na bibi yangu Maweni nazungumza naye kwa kutafsiriwa na mjomba. Hilo hakuna shule iliyonifanyia, ni sisi nyumbani.

Muuza vinyago: Sasa si ndiyo hoja yangu?

Aliyekulia Brescia: La. Shule ya Kiingereza ingemfundisha Kiswahili?

Mama wa Barani: Mwalimu, umenichoma. Mkataba ni wa miaka miwili, waweza kuongezwa. Tumesomeana haya yote usiku. Baba mtu amelegea kwa shule ya mtaani, kwa sharti jioni nimfundishe Kiingereza mwenyewe, na Kiswahili ndani ya nyumba bila mchezo. Kilichobaki ni tempo pieno, ile ya kukaa shule mpaka alasiri, saa arubaini kwa wiki. Yeye asema ni nyingi kwa mtoto anayeshika tumbo, nami nahofia akitoka mchana nitamwacha na nani. Wa Torino, asiyejua neno hata moja huwekwa darasa gani?

Wa Torino: Sheria inaanzia na umri wake, hata mwaka ukiwa katikati. Wakitaka kumrudisha nyuma, waulize sababu. Beba cheti cha kuzaliwa, ripoti za shule na kadi ya chanjo. Chanjo kumi ni lazima tangu 2017, ikikosekana moja mtahangaika. Na tempo pieno, mwanzo omba ruhusa umtoe mapema wiki za kwanza. Sisi tulikubaliwa.